Mwalimu na Mwinjilisti: Sheria za Elimu na Utumishi wa Kanisa katika Handeni na Korogwe

Miaka michache iliyopita tulialikwa kuhubiri katika mtaa mmoja wa usharika ulioko wilaya ya Handeni, mbali na barabara kuu. Baada ya ibada mzee wa kanisa alitushika mkono akatupeleka nyuma ya jengo, akatuonyesha chumba cha udongo kilichoezekwa kwa bati chache. Mlangoni palikuwa na kufuli. Chumba kile kilikuwa chekechea ya mtaa, na mwalimu wake alikuwa mama mmoja mwinjilisti, aliyefundisha kwa miaka kadhaa bila mshahara wa maana. Wakaguzi walikuja, wakauliza cheti chake cha ualimu, hakuwa nacho. Wakauliza hati ya usajili, haikuwapo. Chumba kikafungwa.

"Baba Mchungaji," mzee alituuliza, "mama huyu anaruhusiwa kuwafundisha watoto hawa siku ya Jumapili, humu humu kanisani, habari za uzima wa milele. Mbona Jumatatu haruhusiwi kuwafundisha a, e, i, o, u?"

Tulimjibu kama wachungaji wajibuvyo wanapokosa jibu, yaani tulimwahidi kwamba tutalifikisha jambo hilo mbele. Makala hii ni jibu lililochelewa. Wala hatukusudii kuwalaumu wakaguzi, kwa maana walitimiza sheria, na sheria hiyo ina sababu zake njema. Tunakusudia kueleza jinsi ilivyotokea kwamba kazi moja, iliyoitwa kwa jina moja la "mwalimu," ikagawanyika kuwa kazi mbili, moja yenye cheti na mshahara wa Serikali, nyingine yenye Biblia na sadaka ya wiki. Mgawanyiko huo haukuletwa na wanatheolojia. Uliletwa na sheria za ruzuku.

Mwalimu mmoja

Injili ilifika nchi hizi pamoja na ubao wa kuandikia. Waanglikana wa UMCA walianza Magila, katika nchi ya Bonde, mwaka 1867, na mwishoni mwa karne ile walikuwa wamefika Korogwe. Baadaye Kideleko ikawa kituo chao katika Uzigua. Wamisionari Walutheri, ambao sisi tunawajua kwa jina la Bethel, walifika Tanga mwaka 1890, wakapanda Mlalo mwaka 1891 na Vuga mwaka 1895. Lutindi, katika milima ya wilaya ya Korogwe ya leo, ilifunguliwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kabla haijawa hospitali ya wagonjwa wa akili inayojulikana hata sasa.

Utaratibu ulikuwa ule ule karibu kila mahali. Mmisionari alikaa kituoni. Vijijini walikwenda vijana waliobatizwa, waliojua kusoma, kuandika na hesabu kidogo, pamoja na historia ya Biblia na Katekisimo. Kijana huyo alijenga kibanda, akapiga kengele au kipande cha chuma asubuhi, akawafundisha watoto herufi. Jioni aliwafundisha watu wazima waliotaka ubatizo. Jumapili aliongoza ibada. Mtu akifa, alizika. Watu walimwita mwalimu. Hakuna aliyeuliza kama ni mwalimu wa shule au mwalimu wa dini, kwa sababu swali hilo halikuwa na maana. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja na kiliyatumikia mambo yote mawili.

Utawala wa Wajerumani haukuvuruga utaratibu huu. Serikali ile ilifungua shule yake Tanga mwaka 1892 ikitafuta makarani, wakalimani na maakida, na shule hiyo haikufundisha dini ya Kikristo. Jambo hilo liliwapendeza watu wa pwani na kuwachukiza wamisionari. Shule za misheni ziliachwa zijiendeshe. Vita ya kwanza ilipokuja na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na hatimaye kuondolewa nchini, ni walimu hao wa vijijini waliobaki na Kanisa. Wamisionari wa Bethel hawakuruhusiwa kurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Kwa muda wa miaka mingi, basi, Kanisa la Usambara liliishi bila Mzungu wake na bila fedha zake, lakini halikuishi bila mwalimu. Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa wangefaa kulitafakari jambo hili kabla ya kuandika kwa mara nyingine kwamba Kanisa lilijengwa na wamisionari.

Sheria ya mwaka 1927

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, masharti ya udhamini yaliwapa wamisionari uhuru wa kuhubiri na kufungua shule. Serikali mpya haikuwa na walimu wala fedha za kutosha, lakini ilikuwa na mawazo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na ambayo Dkt. James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilipita Afrika Mashariki. Tume ilizihimiza Serikali na misheni zishirikiane, na ilisisitiza elimu inayolingana na maisha ya vijijini. Mwaka 1925 Serikali ya Uingereza ilitoa tamko lake kuhusu elimu katika makoloni ya Afrika, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Gavana Donald Cameron aliwaita viongozi wa misheni Dar es Salaam wakazungumze na Idara ya Elimu iliyoongozwa na Rivers-Smith. Sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 ilizaliwa na mazungumzo hayo.

Yatupasa kuisoma sheria ile kwa makini, kwa maana mambo mengi yaliyofuata yamo ndani yake kama mti ulivyomo ndani ya mbegu. Shule ilipaswa kuandikishwa. Mwalimu alipaswa kuandikishwa. Shule iliyotaka ruzuku ilipaswa kukaguliwa, kufuata muhtasari wa masomo uliokubaliwa, na zaidi ya yote kuwa na mwalimu aliyefunzwa na kupata hati inayotambuliwa na Serikali. Kadiri misheni ilivyokuwa na walimu wengi wenye hati, ndivyo ilivyopata fedha nyingi. Maelfu ya shule ndogo za vijijini, zile ambazo maofisa waliziita shule za porini, hazikupata kitu. Serikali ilizihesabu kuwa mahali pa mafundisho ya dini, zikaachwa nje ya mfumo.

Misheni zilikubali, nasi tunaelewa kwa nini. Fedha zilikuwa za kweli. Viongozi wao walipewa viti katika kamati ya ushauri. Aidha, wamisionari wengi waliona kwamba walimu wao wa vijijini walihitaji mafunzo zaidi. Hilo halina ubishi, kwani wengine walikuwa mbele ya wanafunzi wao kwa kurasa chache tu. Lakini kukubali kulikuwa na gharama yake. Sheria ilitaka Kiswahili kitumike shuleni, hali Bethel walikuwa wamejenga Kanisa lao kwa Kisambaa. (Karl Roehl, aliyekuwa amelitafsiri Agano Jipya kwa Kisambaa, alimaliza maisha yake ya kazi akiwa mfasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937. Tunamtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha upepo ulivuma upande gani.) Sheria ilitaka chuo cha ualimu chenye wakufunzi waliosoma ualimu. Na ilitaka, bila kulisema kwa maneno, kwamba kijana hodari atengwe na kijana wa kawaida.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Kijana mwenye akili nyepesi alipelekwa chuoni, akapata hati ya daraja la pili, akapangwa katika shule yenye ruzuku, akalipwa mshahara uliojulikana. Mwenzake, ambaye huenda walibatizwa siku moja, alibaki katika kibanda cha porini. Huyu wa kwanza aliendelea kuitwa mwalimu. Huyu wa pili alianza kuitwa mwinjilisti, ingawa wazee wetu hawakuacha kumwita mwalimu hata leo. Fedha ya misheni nayo ilimfuata wa kwanza, maana ruzuku haikutosha peke yake na kila shule iliyoandikishwa ilidai majengo, madawati na msimamizi. Mwinjilisti aliachiwa usharika umlishe.

Tumewahi kusikia ikisemwa katika vikao vyetu kwamba umaskini wa wainjilisti unatokana na uchoyo wa Wakristo wa Kiafrika. Tunaomba wasemao hivyo waisome sheria ya mwaka 1927. Umaskini huo una tarehe ya kuzaliwa.

Reli na ukame

Korogwe na Handeni ni majirani, ila sheria haikuzikuta katika hali moja. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Kando ya reli na bonde la Mto Ruvu, ambao wengi huuita Pangani, palistawi mashamba ya mkonge, na mkonge ulileta watu wa makabila mengi, mishahara, maduka, na wazazi waliotaka mtoto ajue barua na hesabu ili asiibiwe siku ya malipo. Juu milimani walikuwapo Wasambaa waliokwisha kuonja shule. Korogwe, kwa hiyo, ilikuwa na walimu wa kupeleka chuoni na watoto wa kujaza madarasa. Ruzuku ikaja. Hatimaye mji ule ukawa na chuo cha ualimu kilichotoa walimu kwa nchi nzima.

Handeni ni nchi ya Wazigua, nchi ya mvua zisizoaminika. Reli haikupita. Njaa ilirudi mara kwa mara, na ile ya miaka ya mwanzo ya 1930 iliangukia wakati ambapo bei ya mkonge ilikuwa imeporomoka kwa mdororo wa uchumi wa dunia, na Serikali ilikuwa inapunguza ruzuku badala ya kuongeza. Mbung'o walikuwa wamemaliza ng'ombe mahali pengi. Mtoto alihitajika kulinda shamba dhidi ya ngedere na nguruwe mwitu. Mzazi aliyempeleka shule alikuwa anatoa sadaka ya chakula. Tena Wazigua wengi walikuwa Waislamu, na chuo cha Kurani kilikuwapo kijijini kabla ya misheni. Mzazi Mwislamu hakuona kwa nini mwanawe ajifunze kusoma mahali ambapo angeweza kurudi na jina jingine.

Sheria iliyotoa fedha kwa kufuata hati za walimu, basi, iliwapa waliokwisha kupata. Hatudhani kwamba Rivers-Smith na wenzake walikusudia kuiacha Handeni nyuma. Hawakuhitaji kukusudia. Kanuni yenyewe ilitosha: palipo na mwalimu mwenye hati pana ruzuku; palipo na ruzuku panatoka wanafunzi wa kupeleka chuoni; chuoni wanatoka walimu wenye hati. Wilaya isiyokuwa ndani ya mzunguko huo ilizunguka nje yake. Na Kanisa, ambalo lingeweza kwenda kinyume na hesabu hiyo, liliifuata kwa sehemu kubwa, maana hesabu za Kanisa nazo zilikuwa zimeshaunganishwa na hesabu za Serikali.

Vita ya pili ilileta msukosuko mwingine. Wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini, na Walutheri wa Marekani wa Sinodi ya Augustana wakasaidia kusimamia kazi zilizoachwa. Mwaka 1947 mafunzo ya pamoja ya wachungaji yalianzishwa Lwandai, yakahamia Makumira mwaka 1954. Wengi wa waliosoma Lwandai walikuwa walimu kwanza. Ni vema tukumbuke kwamba katika miaka ile mwalimu mwenye hati aliyeitikia wito wa uchungaji alikuwa anashuka mshahara. Hatujui kama wito wetu sisi ungelistahimili jaribio hilo.

Kutoka Utumishi Mmoja hadi utaifishaji

Uhuru ulipofika mwaka 1961, walimu wa misheni walikuwa na malalamiko ya haki. Mwalimu wa shule ya misheni aliweza kuachishwa kazi kwa kuoa mke wa pili au kwa kugombana na msimamizi. Utumishi Mmoja wa Walimu, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1962, uliwaweka walimu wa Serikali na wa mashirika chini ya masharti yaliyo sawa. Mwaka huo huo shule zilizotengwa kwa rangi ziliunganishwa katika mfumo mmoja. Walimu walifurahi, nasi tungalifurahi. Lakini kuanzia hapo mwalimu wa shule ya Kanisa hakuwa tena mtumishi wa Kanisa kwa namna iliyo wazi; alikuwa mtumishi wa umma aliyefanya kazi katika jengo la Kanisa.

Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, hatua iliyobaki ilikuwa fupi. Sheria ya Elimu Na. 50 ya mwaka 1969 ilizihamishia mikononi mwa Serikali shule zilizokuwa zikipokea ruzuku, pamoja na vyuo vya ualimu. Mikononi mwa Kanisa zilibaki hasa seminari. Sisi tuliolelewa katika sharika za Tanga tumewasikia wazee wetu wakiisimulia siku hiyo kwa namna mbili. Milimani wanaisimulia kama msiba: majengo ambayo babu zao waliyabebea mawe kichwani yalibadilishiwa kibao kwa siku moja. Handeni tumeisikia ikisimuliwa na jirani zetu Waislamu kama siku ambayo shule ilifunguliwa kweli, kwa maana kuanzia hapo mtoto wa Juma na mtoto wa Yohana waliingia mlango mmoja bila kuulizwa dini. Masimulizi yote mawili ni ya kweli. Mchungaji anayetumwa Handeni akilijua la kwanza tu, hatafika mbali na jirani zake.

Hapa tunaomba msomaji avumilie tukimrejea Luther, kwa sababu suala hili kwetu Walutheri halikuwa la majengo peke yake. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya nchi za Wajerumani akiwataka wafungue shule. Hakuwaandikia maaskofu. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua bajeti: ikiwa mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitumie sehemu yake kumweka mwalimu mmoja au wawili wa kuwafundisha watoto maskini? Mwaka 1530, katika hotuba yake ya kuwahimiza wazazi wawaache watoto shuleni, alikwenda mbali zaidi: aliona kwamba serikali ina haki ya kuwalazimisha. Mtu aliyeshika mafundisho ya tawala mbili za Mungu hawezi, kwa hiyo, kusema kwamba serikali inayoendesha shule imenyang'anya kazi ya Kanisa. Imefanya iliyo yake. Makanisa kwa jumla yalilipokea jambo la mwaka 1969 bila uasi, na tunaamini kwamba kwa upande wetu hiyo haikuwa hofu tu.

Ila Luther huyo huyo alisema kwamba kama angelazimika kuacha kuhubiri, kazi ambayo angeipenda kuliko nyingine zote ni ya ualimu wa shule. Kwake kazi hizo mbili zilikuwa ndugu. Kuikabidhi shule kwa serikali hakukumaanisha Kanisa lipoteze hamu ya mwalimu. Sisi tulikabidhi shule, na kwa muda fulani tukaipoteza hamu pia. Walimu Wakristo waliendelea kukaa katika viti vya nyuma vya sharika zetu, wakihesabiwa kama watoa sadaka wazuri, bila mtu kuwaambia kwamba kazi yao ya Jumatatu ni utumishi.

Leseni

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa. Handeni, iliyokuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo kujaribu vijiji vya ujamaa, ilipata madarasa mahali ambapo miaka hamsini ya ruzuku haikufika. Lakini walimu wangetoka wapi? Serikali ilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha kazini: walifundisha watoto sehemu ya siku, wakasoma kwa barua, kwa redio na kwa wasimamizi wa kata, kisha wakamalizia kwa majuma machache chuoni. Makumi ya maelfu ya vijana walifunzwa hivyo nchini.

Sisi wenyewe tulifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE. Tunajua yaliyosemwa juu yao, na mengine ni kweli. Tunajua pia kwamba alifika kila siku kwa mguu, na kwamba bila yeye makala hii isingeandikwa. Jambo la kutazamwa ni hili: kijana wa darasa la saba, akiishi kijijini, akifundisha huku akijifunza, mbele ya wanafunzi wake kwa kurasa chache. Huyu ni nani kama si mwalimu wa kibanda cha porini, aliyekataliwa na sheria ya mwaka 1927, aliyerudi bila Katekisimo?

Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, iliyochukua mahali pa ile ya 1969, iliweka lazima ya kusoma, na ikathibitisha kwamba mtu haruhusiwi kufundisha ila awe ameandikishwa kuwa mwalimu au amepewa leseni ya kufundisha. Neno "leseni" lina uzito. Sheria ilikiri kwamba nchi haina walimu wa kutosha wenye sifa, ikafungua mlango wa pembeni. Mlango huo ulitumika tena wakati shule za sekondari za kata zilipoongezeka kuanzia mwaka 2004: vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi sana wakapelekwa madarasani, na wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita "voda fasta." Kila mara dola ilipobanwa na ahadi zake, ilimkumbuka mwalimu asiye na cheti. Ilipopata nafasi ya kupumua, ilimsahau.

Kurudi kwa Kanisa

Miaka ya 1990 ilileta mabadiliko. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, ambayo Waislamu wengi waliyalalamikia na wanaendelea kuyalalamikia. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, pamoja na marekebisho ya sheria ya mwaka huo, iliruhusu watu na mashirika binafsi kumiliki tena shule za msingi na vyuo vya ualimu. Kiwango cha chini cha mwalimu wa shule ya msingi kikawekwa kuwa kidato cha nne na mafunzo ya daraja A. Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki imefanya mengi tangu hapo, hata kufungua mwaka 2007 chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho kiliipa elimu ya wenye mahitaji maalum nafasi ya mbele. Hilo lilitokana na kazi ya zamani ya shule ya wasioona ya Irente, nasi tunaliona kuwa mfano wa Kanisa linalokumbuka mahali lilikotoka.

Lakini kwa jumla Kanisa lilirudi shuleni kwa mlango tofauti na lile lililotokea. Mfumo wa ruzuku umegeuka. Mwaka 1927 fedha ilifuata cheti cha mwalimu. Tangu mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 fedha inafuata kichwa cha mtoto: kwanza ilitajwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, ingawa kilichofika shuleni mara nyingi kilikuwa pungufu, na chini ya elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka Na. 5 wa mwaka 2015, ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kanuni hii ni ya haki zaidi kwa Handeni kuliko ile ya zamani. Mtoto wa Handeni anahesabika sawa na wa Korogwe. Ila ni fedha ya shule za umma. Shule ya Kanisa haipati, basi inatoza ada; ikitoza ada, inachagua wilaya na mtaa wa kujengwa. Tazama ramani ya shule za makanisa zenye kufundisha kwa Kiingereza, utaona zinaifuata barabara ya lami kama zamani zilivyoifuata reli. Mkulima wa mahindi wa Handeni, ambaye babu yake hakufikiwa na ruzuku ya Mwingereza, hafikiwi na shule yetu pia. Tofauti ni kwamba safari hii waliopiga hesabu ni sisi.

Sasa tumrudie yule mama. Mtoto wake wa chekechea yumo katikati ya sheria mbili. Akihesabiwa kuwa mwanafunzi wa elimu ya awali, ambayo Sera ya mwaka 2014 iliifanya ya lazima, yuko chini ya sheria ya elimu, na mwalimu wake sharti awe amesomea. Akihesabiwa kuwa mtoto wa kituo cha kulelea watoto mchana, yuko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na maofisa wa ustawi wa jamii, nao wana masharti yao ya usajili na ya walezi. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha pia sheria ya bodi ya kitaalamu ya walimu. Mama yetu hakulijua hata moja kati ya hayo, na mchungaji wake hakulijua pia. Nani angewafundisha? Katika mitaala ya vyuo vyetu vya Biblia na theolojia mwanafunzi husoma mabaraza ya Nikea na Kalkedoni, jambo jema, lakini huhitimu bila kuwahi kushika mkononi sheria ya elimu ya nchi yake.

Wala hatuna haki ya kushangaa kwamba serikali inadai mwalimu aandikishwe. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 14, linadai kwamba mtu asifundishe hadharani katika Kanisa pasipo kuitwa kwa utaratibu. Sisi tunamlinda msikilizaji dhidi ya mhubiri asiyetumwa. Serikali inamlinda mtoto dhidi ya mwalimu asiyefunzwa. Hoja yetu ni kwamba serikali ya mwaka 1978 ilijua kutoa leseni kwa mtu aliyekuwa tayari kazini na kumfundisha huko huko alipo, na kwamba Kanisa lenye vyuo vya ualimu na vyuo vya Biblia lingeweza kuomba na kuandaa njia ya namna hiyo kwa wainjilisti wake. Kozi ya wainjilisti ikiwekewa masomo ya malezi ya watoto wadogo yanayokubalika kwa mamlaka za elimu, mwinjilisti angerudi mtaani na vyeti viwili. Tulilisema hili katika kikao kimoja. Tuliulizwa nani atalipa.

Mzee yule wa kanisa hakungoja jibu letu. Mavuno ya mwaka uliofuata yalipopatikana, wazee waliweka kando magunia ya mahindi, wakayauza Korogwe mjini ambako bei ni nzuri kidogo, wakampeleka mama kusomea ualimu wa awali. Alipoomba nafasi aliulizwa vyeti vya kidato cha nne, akavitoa. Vilikuwa vimekunjwa ndani ya kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu. Amebakiza muhula mmoja. Kufuli bado liko mlangoni, na watoto wanaimba nje, chini ya mwembe, siku ya Jumapili.